Mlango wa Kizimba Hufungwa Mwisho

Jumapili iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa msomaji nisiyemfahamu, mama mmoja anayelea mtoto wa mbwa wa wiki kumi. Aliniandikia kwa adabu, na pengine adabu ile ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alieleza kwamba alifuata maelekezo yangu neno kwa neno: alimweka mtoto ndani ya kizimba, akafunga mlango, akazima taa, akajiziba masikio kwa pamba na hakurudi hadi alfajiri. Alifanya hivyo usiku tisa mfululizo. Sasa mtoto huyo hataki hata kukanyaga kizingiti cha chumba chenye kizimba, na akibebwa kupelekwa huko hujikojolea mikononi mwa mwenye kumbeba. Mama yule alihitimisha kwa kuniuliza ni hatua gani aliyoikosea.

Hakukosea hatua hata moja. Maelekezo hayo niliyaandika mimi, miaka miwili iliyopita, nikiwa na mbwa wangu wa kwanza na ujuzi wa siku saba. Hata habari ya pamba masikioni ni yangu. Niliimalizia makala ile kwa methali ya mvumilivu hula mbivu, kana kwamba aliyekuwa akivumilia usiku ule ni mimi. Leo naandika kwa ajili ya mama yule, na kwa wote mnaotamani kile nilichokitamani mimi: mtoto wa mbwa anayeweza kubaki peke yake, akalala, akaamka, akajinyoosha na kulala tena bila kuona kuwa dunia imemtupa.

Mbwa wangu wa kwanza alikuwa mweusi mwenye bato jeupe kifuani, nikamwita Doa. Alifika kwangu akiwa na wiki nane, siku ileile aliyotenganishwa na mama yake na ndugu zake watano aliozoea kulala nao wakiwa wamebebana kama mafungu ya kuni. Nilikuwa nimeandaa kila kitu mapema. Kizimba kilikuwa kipya, blanketi lilikuwa safi, bakuli la maji lilikuwa limejaa, na chumba nilichokichagua kilikuwa kile cha mwisho kabisa cha nyumba, mbali na chumba changu, ili kelele zisinisumbue. Nilicheza naye hadi saa tatu za usiku, nikamwingiza, nikasukuma komeo, nikaondoka.

Ukitaka kujua ukubwa wa kosa lile, hesabu mambo mapya aliyokutana nayo kiumbe yule kwa usiku mmoja: nyumba ngeni, harufu ngeni, kuta za waya, mlango usiofunguka, giza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kulala bila mwili wa mwenzake ubavuni. Mimi niliyaita hayo yote kwa jina moja, mafunzo ya kizimba. Alilia hadi saa nane. Usiku wa pili alilia hadi saa tisa. Usiku wa tatu nilishindwa, nikaenda kumtoa saa saba, kisha nikajilaumu kwa ulaini wangu na usiku wa nne nikakaza roho maradufu. Kwa kufanya hivyo nilikuwa nimemfundisha jambo ambalo sikulikusudia, yaani kwamba kilio hulipa mara mojamoja, na tabia inayolipwa mara mojamoja ndiyo ngumu kuliko zote kuifuta, kwa kuwa mnyama hajui ni jaribio la ngapi litakalofaulu na hivyo haachi kujaribu.

Palikuwa pia na suala la haja, ambalo sikulifikiria kabisa. Wafugaji wengi hutumia kipimo chepesi: chukua umri wa mtoto kwa miezi, ongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia, tena kwa makadirio ya juu. Doa alikuwa na miezi miwili, na hivyo saa tatu zilikuwa mwisho wake. Mimi nilikuwa nikimdai nane. Alichafua blanketi kila usiku na kila asubuhi nilimkemea, naye alikuwa akinitazama kwa macho ambayo wakati ule niliyaita ya hatia. Siku hizi ninapoyakumbuka naona yalikuwa macho ya mtoto asiyejua kwa nini mtu aliyemngoja usiku kucha amerudi akiwa na hasira.

Siku ya saba alinyamaza, nami nikashangilia. Niliandika makala ile siku hiyohiyo, nikapokea pongezi nyingi, na kwa wiki kadhaa nilijiona mwalimu. Nilichokiona kizimbani asubuhi ile sikukiandika kwa sababu sikukielewa. Doa alikuwa amelala kifudifudi, macho wazi, akihema kwa kasi ingawa chumba hakikuwa na joto. Manyoya ya kifua yalikuwa yamelowa udenda. Kipande cha nyama nilichomwachia usiku kilikuwa palepale, hakikuguswa. Ukucha mmoja wa mguu wa mbele ulikuwa umevunjika kwa kukwaruza komeo. Mtoto wa mbwa mwenye afya akiacha nyama kwa usiku mzima, kuna jambo kubwa kuliko njaa linalomshughulisha. Kimya kile nilikiita utulivu, na kutokana na jina hilo la uongo yakafuata mengine yote.

Sitasimulia miezi iliyofuata, maana ni hadithi ya vitasa vilivyotafunwa na majirani walionung'unika, na kila mwenye mbwa wa namna hiyo anaijua. Inatosha kusema kwamba Doa alipofikisha miezi mitano, mlio wa funguo zangu ulitosha kumfanya ajifiche chini ya meza akitetemeka. Leo anaishi kwa dada yangu, ambaye hushinda nyumbani, na ni mbwa mwenye furaha. Nikienda kuwasalimu hunirukia na kunilamba uso. Lakini dada akiinuka kuelekea mlangoni, Doa huniacha palepale na kumfuata. Sijazoea jambo hilo.

Tangu hapo nimekutana na watu wengi wanaotetea kizimba kwa hoja moja, kwamba mbwa ni mnyama wa pangoni na hivyo hupenda kufungiwa kwa asili yake. Nami niliwahi kuikariri hoja hiyo. Ukweli ni kwamba hata mbwa mwitu wa kijivu, wazee wa ukoo wa mbwa wetu, hutumia pango kwa kuzalia na kulelea wachanga tu. Watoto huanza kutoka nje wakiwa na takriban wiki tatu, na wakifikia wiki nane hadi kumi familia hulihama. Zaidi ya hayo, pango halina komeo. Kwa hiyo mtoto wako anapofika nyumbani akiwa na wiki nane hana silika yoyote inayomwambia kwamba sanduku la waya ni mahali pa raha. Atalipenda au atalichukia kulingana na yale yatakayomfika ndani yake, na yote mawili ni ya kujifunza. Nchi za Sweden na Finland zina sheria zinazozuia mbwa kuwekwa kizimbani ndani ya nyumba kama desturi ya kila siku, na bado watu wa huko hulea mbwa watulivu. Sisemi hayo ili utupe kizimba chako. Mimi ninacho, na kinanifaa kwa safari, kwa siku za ugonjwa na kwa miezi ile ambayo mtoto hutafuna kila waya unaopita mbele ya meno yake. Nasema ili uache kukidhania kuwa kitafanya kazi yako.

Kuna kisa kingine ambacho hunirudia kila ninaposikia mtu akijisifu kwamba mtoto wake wa mbwa hajajikojolea kizimbani. Mwaka 1957, wanasayansi wa Muungano wa Sovieti walipokuwa wakiwaandaa mbwa kwa safari ya chombo cha angani Sputnik 2, safari aliyokwenda mbwa aitwaye Laika na hakurudi, waliwazoesha kukaa katika vizimba vilivyopunguzwa ukubwa hatua kwa hatua, kwa muda uliofikia siku 20. Mbwa wale waliacha kwenda haja, wakawa na wahaka, na afya zao zikadorora. Blanketi kavu, kwa hiyo, si ushahidi wa moyo uliotulia.

Mbwa wangu wa pili anaitwa Shwari. Jina nilimpa kwa matumaini, na kwa wiki mbili za kwanza watu walinicheka kwa haki. Kabla hajafika nilikuwa nimesoma, nimeuliza, na nimekubali jambo moja ambalo ningependa ulichukue hata kama utaacha mengine yote: kupenda kizimba ni somo moja, na kukaa peke yake ni somo jingine, wala hayafundishwi usiku mmoja. Doa nilimpa masomo yote mawili kwa pigo moja, na mlango uliofungwa ukawa ndio mwanzo. Kwa Shwari mlango ulikuwa wa mwisho. Niliung'oa kabisa siku ile kizimba kilipoingia ndani, nikauweka nyuma ya kabati.

Siku nne za kwanza kizimba kilikuwa bakuli lake tu, yaani mahali ambapo chakula hutokea. Nilianza kwa kuweka bakuli nje, mbele ya uwazi, kisha kizingitini, kisha hatua kwa hatua hadi ukuta wa nyuma. Sikumsukuma wala sikumbeba kumwingiza, hata mara moja. Kati ya milo, nilipokuwa nikipita, nilidondosha vipande vidogo vya chakula ndani bila kusema neno, na kufikia siku ya tatu alikuwa ameanza kukitembelea mwenyewe ili kukagua kama kuna kilichodondoka. Siku ya tano nilimkuta amelala humo mchana, kichwa ndani na makalio nje. Nilisimama mlangoni nikimtazama kama mtu aliyepokea barua ya kupandishwa cheo.

Usiku kizimba kilikuwa kando ya kitanda changu. Niliweza kushusha mkono nikapitisha vidole kati ya waya, naye alivinusa na kulala. Wapo watakaokwambia kwamba huko ni kumdekeza. Waulize wao walipokuwa wachanga walilala wapi. Mtoto anayelala akisikia pumzi zako hajifunzi udhaifu, bali anajifunza kwamba mahali hapa usiku hupita salama, na baada ya wiki kadhaa unaweza kukisogeza kizimba kuelekea mlangoni, kisha ukumbini, dhiraa moja kwa usiku ukipenda. Alipoamka akinung'unika na kuzunguka saa saba au saa nane, nilimpeleka nje moja kwa moja, taa ikiwa hafifu, bila mchezo wala mazungumzo, akamaliza haja na kurudi kulala. Kilio cha haja hujibiwa. Usiogope kukijibu, kwa kuwa unachokilipa hapo ni taarifa ya kweli, na malipo yake ni kutolewa haja tu, yasiyo na sherehe.

Mlango niliurudisha siku ya sita, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Nilimpa kidude cha mpira chenye tundu lililopakwa chakula laini, maana kulamba na kutafuna humtuliza mtoto wa mbwa kuliko maneno yetu yote, na alipokuwa amezama katika kulamba nilifunga mlango kwa sekunde tatu, nikaufungua kabla hajainua kichwa. Kisha sekunde tano, kisha mbili, kisha nane. Nilizibadilisha makusudi, kwa sababu muda ukiongezeka kila mara mbwa hugundua kwamba kila jaribio ni baya kuliko lililotangulia. Niliandika sekunde hizo katika daftari, na ninakiri kwamba ni daftari la kuchosha kupita yote niliyowahi kulijaza. Nitakuepusha nalo. Kanuni iliyomo ni moja: rudi kabla hajakuita. Mtoto akilia, maana yake ni kwamba wewe ndiye uliyezidisha, na jaribio lijalo liwe fupi.

Wakati huohuo nilifundisha somo la pili mbali na kizimba kabisa. Nilichukua funguo, nikazitikisa, nikaketi kusoma. Nilivaa viatu vya kutokea, nikaenda jikoni, nikavivua. Nilifungua mlango wa nje na kuufunga nikiwa bado ndani. Nilifanya hivyo mara nyingi kwa siku, hadi funguo zikaacha kumaanisha chochote. Doa alikuwa amejifunza kwamba mlio ule hutangulia mateso, jinsi mbwa wa mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov walivyojifunza kutokwa na mate kabla chakula hakijafika, na mlio unaotangulia mateso huwa sehemu ya mateso yenyewe. Kwa Shwari nilitaka funguo ziwe kelele tu, kama kijiko kinapoanguka.

Mambo hayakwenda sawa kila siku, na ningekuwa mwongo nikiyaficha. Siku ya 12, Shwari alipokuwa amefikia dakika nne kwa utulivu kamili, nilijiona nimefika, nikatoka kwa shughuli ya dharura na kukaa nusu saa. Nilimkuta akibweka kwa sauti iliyokwisha kukauka. Moyo ulinipasuka, nikamwona Doa. Nilirudi kwenye sekunde kumi kesho yake, na ilinichukua karibu wiki nzima kuzifikia tena dakika nne zile. Tangu siku hiyo, kila nilipolazimika kuondoka kwa muda mrefu kuliko alioumudu, nilimwachia mtu mzima wa kukaa naye, au nilimchukua. Watu husema hawana nafasi ya kufanya hivyo. Ninawaelewa, lakini mwenye kushinda kazini saa tisa, asiye na mtu wa kumwachia mtoto wa mbwa, anapaswa kujiuliza kama huu ndio mwaka wake wa kufuga. Mnyama hakuomba kuletwa.

Kuhusu simu, itumie. Iweke ikirekodi mbele ya kizimba kila unapotoka, kwa sababu sikio lako nyuma ya mlango halitofautishi usingizi na hofu iliyonyamaza. Tazama kama anahema pasipo joto, kama anadondosha udenda, kama masikio yamelala nyuma, kama chakula hakijaguswa. Mtoto anayenung'unika kidogo, akazunguka mara mbili na kujilaza ubavu huku akishusha pumzi ndefu, huyo anatafuta namna ya kulala na unaweza kumwacha dakika moja au mbili. Mtoto anayepiga mayowe, anayeng'ata waya, anayejichafua muda mfupi tu baada ya kutoka haja, huyo hana analolitafuta isipokuwa njia ya kutoka, na kumwacha hapo hakumfundishi lolote jema. Nikiwa na Doa sikurekodi hata dakika moja. Labda niliogopa nitakachokiona.

Mengine ni machache na sitayarefusha. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Kama umenunua kikubwa kwa ajili ya ukubwani, weka kizuizi cha katikati na kukisogeza anavyokua. Vua mkanda wa shingoni kila anapoingia, kwa kuwa mkanda hunasa kwenye waya na mbwa hunyongeka. Kisiwe juani wala mahali pasipopita hewa. Usikitumie kama adhabu. Mpeleke haja akiamka, akila, akimaliza kucheza na kabla ya kuingia. Na kumbuka kwamba mtoto wa umri huo hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, hivyo sehemu kubwa ya somo lako inaweza kufanyika akiwa na usingizi tayari, jambo ambalo watu hulisahau wakamwingiza kizimbani wakati damu bado inamchemka kwa mchezo.

Shwari sasa ana miezi 11. Wiki iliyopita nilitoka kwa saa nne, na niliporudi nilitazama picha zote za simu kuanzia mwanzo, nikizisogeza mbele kwa kidole. Alitafuna dakika 20. Alilala. Mnamo saa ya pili aliinua kichwa kwa sababu ya gari lililopita, akapiga miayo, akageukia upande wa pili. Nilizitazama dakika zile kwa fahari ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyefuga, na katikati ya fahari hiyo simu ikalia. Ulikuwa ni ujumbe wa mama yule.

Nilimjibu usiku uleule. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamwambia kwamba mtoto wa wiki kumi hajaharibika, kwa kuwa bado yumo katika kipindi ambacho watoto wa mbwa hujifunza upesi ni vitu gani duniani vya kuogopa na vipi si vya kuogopa, kipindi kinachoanzia wiki ya tatu na kuendelea hadi kama wiki ya 14. Nilimwomba akiondoe kizimba kile kwenye chumba kile, ang'oe mlango, abadilishe blanketi, na akiweke pale familia inapoketi jioni, bila kumwelekeza mtoto kwacho. Usiku amlaze kando ya kitanda chake ndani ya uzio mdogo wa wazi kwa juu, au hata ndani ya sanduku pana la karatasi ngumu. Na kama mtoto atajiumiza au atakataa kula, ampeleke kwa daktari wa mifugo asisubiri makala nyingine kutoka kwangu. Makala ile ya zamani sijaifuta. Nimeandika juu yake, kwa herufi nzito, kwamba mwandishi wake alikosea, nikaeleza Doa alipo.

Jana aliniandikia tena. Mtoto amekula chakula cha jioni akiwa ameingiza miguu ya mbele ndani ya kizimba, ile ya nyuma ikiwa bado sakafuni, tayari kukimbia. Aliuliza kama leo amsogeze kidogo kwa mkono. Nimemwambia aache bakuli palepale, kwa siku mbili zaidi.